Picha Iliyokuja Bila Kuitwa

Kabla sijaijua kompyuta nilikuwa na itifaki. Kwa msomaji asiyeijua, itifaki ni kitabu kinene kinachopanga maneno ya Maandiko kwa alfabeti, na kando ya kila neno huonyesha mahali pote neno hilo linapopatikana. Ukikumbuka neno "kisima" tu, na mengine yote yamekutoka kichwani, itifaki itakupeleka kwenye kila kisima kilichotajwa tangu mwanzo hadi mwisho. Yangu nilipewa nilipokuwa kijana katika chuo cha Biblia, milimani juu ya Uvira. Jalada lake lilibanduka tulipokuwa katika kambi ya wakimbizi, nikaligandisha kwa plasta ya hospitali. Tulifika nayo Stockholm, ikapata makao kwenye dirisha la jikoni, Rågsved, kati ya kopo la chumvi na redio, na mpaka leo plasta ile imeshika.

Nimeanza na itifaki kwa sababu bila hiyo nisingeelewa jambo ninalolisimulia. Na pia kwa sababu mke wangu aliitazama siku moja akiwa anamenya viazi, akasema, "Kitabu hicho kinajua kila mahali, Mwalimu. Pale petu tu ndipo hakipajui."

Pale petu ni mahali tulipomlaza mtoto wetu wa kwanza. Alikufa kabla hajaanza kutembea, wakati nikifundisha katika kituo cha misheni huko milimani. Tulimzika chini kidogo ya kanisa, na mke wangu akapanda minyaa kuzunguka kaburi, kama tunavyofanya kwetu, ili mbuzi wasikanyage na jembe la mtu lisipite bila kujua. Baadaye ikaja vita, tukashuka mlima na vitu vya kichwani, na hatukurudi. Watoto wengine Mungu alitupa, akatupa na nchi ya kuwalelea. Juu ya yule wa kwanza mke wangu alinyamaza miaka mingi, nami sikumlazimisha kusema.

Kilichomfanya aseme ni macho. Daktari alimwambia ana presha ya macho, kwamba kuona kwake kutafungwa kutokea pembeni kuja katikati, na kwamba dawa ya matone itachelewesha lakini haitarudisha kilichokwisha kwenda. Tulipotoka nje ya chumba alivaa koti lake polepole, kifungo kwa kifungo. Akasema, "Nataka kupaona pale kabla giza halijafika katikati."

Kusafiri hakukuwezekana. Njia ya mlima ilikuwa ya watu wenye bunduki. Wale ambao tungewaomba wapande na kamera walikuwa wametawanyika kama sisi. Basi mimi, niliyefundisha vijana wa chuo jinsi ya kutafuta neno katika Maandiko, nikaona kazi ya kutafuta ni yangu.

Binti yetu, ambaye wakati ule alikwisha olewa na kuhamia Spånga, ndiye aliyenipeleka maktaba ya mtaa na kunikalisha mbele ya kompyuta. Akanionyesha kisanduku chembamba cheupe. "Andika unachotafuta, baba." Nikaandika kwa vidole viwili, kwa utaratibu, kama nilivyolelewa:

"Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, natokea milima ya Uvira, sasa nakaa Rågsved. Naomba kwa heshima nionyeshwe misheni yetu ya zamani na mahali alipozikwa mtoto wetu. Asante sana, Mungu akubariki."

Binti yangu alijiziba mdomo. "Man hälsar inte på den, pappa," alisema kwa Kiswidi, maana watoto wetu hujibu kwa Kiswidi hata ukiwauliza kwa Kiswahili. Hiyo haisalimiwi, baba.

"Sasa nitamwomba vipi mtu nisiyemsalimia?"

"Si mtu."

"Imetengenezwa na watu."

Hapo akarudi kwenye Kiswahili. "Haya baba, msalimie. Tuone atakujibu nini."

Alinijibu kwa wingi. Alileta kwaya, salamu za sikukuu, mahubiri, na tangazo la mkutano wa injili mjini Mwanza ambao ulikuwa umekwisha pita. Kila neno la adabu yangu alilichukua akaenda kulitafuta, na swali lenyewe likapotea humo ndani. Siku ya ibada, katika ukumbi tuliokodi Hallunda, sisi Wakongo na ndugu zetu Warundi, habari ilikuwa imefika kabla yangu. Ndugu mmoja Mrundi alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Mzee, kompyuta inakusalimu sana! Imeuliza kama mama na watoto hawajambo." Watu walicheka mpaka nyimbo zikachelewa. Nami nilicheka. Lakini nilipoketi niliendelea kuwaza: yule niliyemwandikia alikuwa amefanya nini hasa na maneno yangu?

Swali hilo nilimpelekea mkutubi. Alikuwa mwanamke wa umri wa kukaribia pensheni, nywele fupi za mvi, viatu vya mbao vinavyolia sakafuni. Nilimwita mama. Akacheka, akasema hana mtoto, ana paka. Niliendelea kumwita mama, akazoea.

"Unadhani ukibonyeza hapa, inakimbia duniani kote kutafuta?" aliniuliza.

"Ndivyo ninavyodhani. Na inarudi mapema kuliko malaika."

"Haikimbii popote. Ilikwisha kusoma zamani. Sasa inaangalia faharasa yake tu."

Akanieleza, bila haraka, kwamba kuna programu zinazotembea mtandaoni mchana na usiku zikisoma kurasa, na kila neno zinalokutana nalo linaandikwa mahali pamoja na anwani za kurasa zote lilipoonekana. Mtu akiuliza, ulimwengu haufunguliwi. Kinachofunguliwa ni hiyo faharasa. Tena haikai katika mashine moja, maana ni kubwa mno. Imekatwa vipande, kila mashine inashika chake, na zote zinaulizwa kwa pamoja.

Niliinuka nikaenda nyumbani, nikarudi na itifaki yangu ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani. Mkutubi hakujua neno la Kiswahili, lakini alifungua katikati, akatazama neno lililoandikwa kwa wino mzito na mstari wa namba unaolifuata, akaigongagonga kwa kidole. "Hii hii," alisema. "Hii hii kabisa."

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo nikirudi nyumbani siku ile. Nilijiona kama mtu aliyeingia mji wa kigeni akakuta mtaa mmoja umejengwa na babu yake.

Basi salamu nikaziacha. Nikawa naandika neno moja moja, kama mtu anayefungua itifaki: misheni, kanisa, mlima, jina la mto wetu. Nilikwenda baada ya kifungua kinywa, siku ambazo mke wangu hakuwa na miadi ya daktari. Nilipata habari za vita. Nilipata ripoti za mashirika, na kwa Kifaransa nikapata kurasa nyingi juu ya madini. Kilima chetu hakikuwemo. Niliwahi kufungua ramani inayopigwa kutoka angani, lakini sehemu ya kwetu ilikuwa ukungu wa kijani, kama mtu amehemea kioo. Nilijifunza hapo jambo ambalo nilipaswa kulijua: faharasa haina kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Watu wetu walikuwa wameishi pale, wameimba, wamezikana, na hakuna ukurasa wa Kiswahili uliokuwa umebeba hata siku moja ya maisha hayo.

Mke wangu hakuniuliza. Alikuwa akisikia mlango, anasema, "Umerudi?" na mimi najibu, "Nimerudi," basi. Lakini siku moja nilimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, akijua kikombe kiko pale, na nikatambua kuwa pembeni kulikwisha fungwa.

Majira ya baridi yaliyofuata, mkutubi alivuta kiti akakaa kando yangu. Sidhani kama alikuwa amewahi kuniuliza swali lile kabla.

"Misheni hiyo nani aliijenga?"

"Watu wenu. Wamisionari wa Kiswidi."

Alivua miwani. "Na wewe umeiuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Na Kifaransa. Na Kiingereza changu kidogo."

"Na hao wamisionari waliporudi nyumbani, walisimulia kwa lugha gani?"

Nilicheka kwa sauti mpaka mzee aliyekuwa akisoma gazeti akageuka. Nilikuwa nimeishi katika Kiswidi miaka yote ile, lakini kwangu kilikuwa lugha ya ofisi ya bima na ya kusubiri namba yako iitwe. Haikunijia kabisa kwamba kinaweza kuwa pia lugha ya kilima changu.

Mkutubi akaandika neno la Kiswidi la kituo cha misheni, neno la kanisa dogo, na jina la mto. Akabonyeza. Kurasa zilikuja, na wa kwanza kabisa ulikuwa umeandikwa na mtoto wa wamisionari, ambaye sasa ni mtu mzima, akikumbuka kazi ya wazazi wake. Lakini jicho langu halikukaa hapo. Katikati ya maneno kulikuwa na safu ya picha ndogo ndogo.

"Hizi nani kaziita?" niliuliza.

Halikuwa swali la kitoto. Nilikuwa mtumiaji wa muda sasa, na nilijua kwamba picha zina mlango wake huko juu. Ukitaka picha, unaingia mlango wa picha. Ukitaka ramani, mlango wa ramani. Hapa tulikuwa tumeomba maneno, na picha zimekuja zenyewe zikaketi kati yake.

Mkutubi alifurahi kuulizwa, naona. Alinipeleka kwenye kona walipoacha kabati la zamani la droo ndogo, ambalo siku hizo lilihifadhi kalamu na karatasi za watoto. Zamani, alisema, kila kitabu kilikuwa na kadi katika droo tofauti: kadi moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa jina la kitabu, nyingine kwa jambo linalozungumzwa. Kitabu ni kile kile, njia za kukifikia ni kadhaa. "Mtu akija na swali ambalo sijui ni la droo gani, nafungua zote. Kisha naamua nimpe nini kwanza."

Ndivyo injini ile ya kutafutia inavyofanya, akaendelea. Haina faharasa moja. Iko ya kurasa. Iko ya picha, iko ya ramani, iko ya vitabu. Habari za leo zina faharasa yao inayoandikwa upya kila mara, maana habari huchacha kama maziwa. Zamani ilikuwa inakuachia wewe uchague mlango. Sasa imeanza kupeleka swali lako katika milango yote mara moja, na kila mlango unarudisha kilicho bora ulichonacho, kisha kuna sehemu inayopima: huyu anafaa kuonyeshwa maneno tu, huyu anafaa kuonyeshwa na picha.

"Na picha inaisomaje? Ina macho?"

"Haina macho. Inasoma maneno yaliyo karibu na picha."

Nilirudia sentensi hiyo moyoni. Ile picha ilikuwa imekaa chini ya mstari wa Kiswidi muda wote niliokuwa nikigonga kwa Kiswahili. Na ile mashine, kumbe, ilikuwa kipofu anayeongozwa na sauti ya mtu aliye karibu. Nilimfikiria mke wangu na kikombe chake.

Pia nilifikiria kazi yangu ya zamani. Nilipokuwa natayarisha somo juu ya mto fulani, nilifungua itifaki kwa ajili ya neno, kisha ramani za mwishoni zenye orodha yao ya miji, kisha maelezo ya pembeni ya ukurasa yanayosema kasome na pale. Mambo matatu yanajibu swali moja, na kichwa changu ndicho kilichopima lipi litangulie. Nilikuwa nikifanya kazi ile ile kwa mkono, na mate kwenye ncha ya kidole. Mungu hahitaji faharasa, anatujua bila kutufungua. Lakini sisi kumbukumbu yetu ni fupi, na namshukuru kwa kila aliyekaa chini akapanga vitu ili mwenzake avipate.

Mke wangu alikuja maktaba siku theluji ilipokuwa inayeyuka, kilemba chake cha kitenge juu ya koti la baridi. Mkutubi alitukalisha kwenye kompyuta yenye kioo kikubwa na programu ya kukuza, waliyoiweka kwa wasioona vizuri. Akaenda kufunga pazia ili mwanga usipige kioo. Kisha akafungua picha.

Kanisa dogo la matofali. Kengele juu ya nguzo. Jengo la shule limekutana na kanisa kama pembe ya seremala, na nyuma yake mstari wa mikaratusi. Mke wangu alisogeza uso karibu sana, akawa anageuza kichwa taratibu kama kuku anayetazama punje, kwa maana ilimbidi kila kitu akilete katikati.

"Kengele ile," alisema mwishoni. "Unakumbuka sauti yake ilivyokuwa imepasuka?"

"Nakumbuka."

"Ndipo." Kisha akakaa wima. "Lakini mtoto hayupo hapa."

"Yuko upande gani?"

Akanyoosha kidole. Hakuonyesha kwenye kioo. Alionyesha nje ya kioo, upande wa kushoto, juu ya meza, karibu na mkono wa mkutubi. Picha ilikuwa imekatika kabla ya kumfikia. Mkutubi alitazama kidole kile na hakungoja nitafsiri.

Tumefika mpaka mlangoni, nikasema moyoni, na mlango ni wa karatasi.

"Picha imesema inachokijua," alisema mkutubi. "Sasa tuwaulize wengine."

Akarudi kwenye ule ukurasa wa mtoto wa wamisionari, akasoma polepole, nami nikatafsiri. Ulisema kituo kilikuwa kwenye bega la mlima, juu ya mahali vijito viwili vinapokutana, na mlango wa kanisa ukitazama ziwa. Mke wangu akaitikia kila sentensi, "Ee. Ee. Ni kweli." Kisha mkutubi akafungua ramani ya angani. Nilimwonya juu ya ukungu. Ukungu haukuwepo. Picha za kwetu zilikuwa zimepigwa upya tangu nilipokata tamaa nazo. "Nayo huandikwa upya," alisema. "Ndiyo maana nawaambia watu warudi."

Tulifuata mto kutoka juu kama ndege. Tulivikuta vijito viwili, na juu yake bati nyingi zinazong'aa, nyumba ambazo hatukuziacha. Ipi ni ipi? Maneno yalitufikisha hapo yakaishia hapo. Picha ndiyo iliyotusaidia sasa: tulitafuta pembe ya seremala. Mkutubi aliiona kabla yangu. Kuta mbili zimekutana, paa la upande mmoja halipo, na mikaratusi imebaki michache.

Kuanzia hapo mke wangu alichukua uongozi. Macho yake yalikuwa karibu na kioo, lakini nadhani alikuwa akitembea kwa miguu.

"Mlango uko upande wa ziwa. Mwambie atoke mlangoni."

Nikamwambia mkutubi, akasogeza.

"Ashuke. Polepole! Wewe nawe unamharakisha, siku zote unatembea kama unafukuzwa. Hapo njia inagawanyika. Ya kulia ni ya mtoni, tuiache. Ashike ya kushoto. Ashuke tena. Asimame."

Mkutubi akasimama. Kulikuwa na majani, njia nyembamba, na doa moja jeusi la duara.

"Ni kichaka," nilisema, kwa sababu niliogopa.

"Kichaka gani kinaota duara?"

"Mama, inaweza kuwa kitu kingine. Miaka imepita."

"Wewe ulichimba, Mwalimu. Mimi nilipanda. Nilizunguka nikipanda kwa magoti, najua nilizunguka wapi." Akaweka kidole juu ya doa lile, kwenye kioo, akakiacha hapo. Minyaa isipokatwa hupanda na kutanuka. Ile aliyoichomeka ilikuwa vijiti vya urefu wa kiganja.

"Imekua," alisema.

Mkutubi aliniuliza mke wangu amesema nini. Nikamwambia. Aliinama naye akatazama lile doa, tukawa vichwa vitatu mbele ya kioo kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Mimi nilishukuru kimya kimya, kwa Kiswahili, na safari hii nilianza kwa salamu.

Mke wangu ndiye aliyekatisha. Aliutoa mkono, akapangusa alama ya kidole chake kwenye kioo kwa ncha ya kilemba, akajiweka sawa kitini.

"Sasa mwambie huyu mama avuke mto," alisema. "Nataka kuona kwa mama yangu. Na wewe usianze kusalimia mashine, muda unakwenda."